Maji Moyoni

Nilimnunua Katito siku ya soko,
kwa akiba ya miezi saba ya kufulia watu nguo Nakuru:
mbuzi mweupe wa maziwa, mwenye ndevu za karani,
asiyezijua nyasi za Nyakach wala miiba yake.
Muuzaji alisema katoka nyanda za baridi.
Nikasema, hata mimi.

Mama mkwe alimzunguka mara mbili,
akafunua mkia, akapekua katikati ya kwato,
akachungulia sikio kama anayesoma barua ya mtu,
kisha akatamka neno moja: "Msafi."
Hakulitamka kama sifa.

Mbuzi wake yeye, hao wafupi wa rangi ya jivu,
walikua na kupe kama mtoto anavyokua na jina.
Waliokufa walikufa wachanga. Waliobaki, wamebaki.

Na kupe wa huku, jamani, ni mzuri wa sura.
Mgongo wake ni kitenge: chungwa, kahawia,
kijani cha shaba iliyosahaulika mvuani;
miguuni kavaa pete nyeupe.
Usipojua kazi yake
ungemwita harusini.

Josho letu liko kule kwenye makorongo ya Katuk Odeyo.
Ndani mna majani, na ndala moja ya mguu wa kushoto.
Pampu iliibwa.
Kamati bado inakutana.

Siku ya kumi na saba mbuzi wangu alikataa kula.
Siku ya kumi na nane akaanza kutembea.
Kutembea, nasema! Akiinua miguu ya mbele juu, juu,
kama mtu anayevuka mto, viatu mkononi,
na uani ni vumbi tupu, kuku wanampisha.
Akazunguka. Akatafuna, mdomoni hamna kitu.
Akazunguka tena.

Awuonda, jirani, aliegemea ua wa minyaa:
"Kuna jicho la mtu hapo."
Mimi nikakopa salio, nikampigia Chelangat wa mifugo.
Yuko Sondu, pikipiki haina mafuta.
Nikamtumia mia mbili.
Alifika na sindano, na jua limeshainama,
akamshika mbuzi taya, akamwachia.
"Jana asubuhi," alisema. "Ungeniita jana asubuhi."

Tulimpasua nyuma ya choo, juu ya gunia la mbolea.
Kisu kiliuchana ule mfuko unaoufunika moyo
na maji yakatoka, mengi, rangi ya chai ya mkandaa,
yakaanza kuganda palepale kwenye hewa.
"Si jicho," Chelangat akasema. "Ni kupe. Mwambie jirani."
Sikumwambia mtu.
Nilikuwa nikiutazama ule mto.

Nakuru niliwasikia watu wakiitana kupe mikutanoni,
huyu kupe, yule kupe, makofi.
Sidhani kama kuna aliyewahi kumshika mmoja,
akasikia anavyong'ang'ania, akaona aibu
kwamba kitu kidogo hivyo kinajua sana kinachotaka.

Sasa jioni tunakaa kwenye mawe, mama mkwe nami,
katikati yetu kopo la mafuta ya taa.
"Shika karibu na ngozi. Vuta taratibu. Usimminye."
Tap. Tap. Wanazama bila kelele.
Chini ya mkia, kwenye kiwele, ukingoni mwa jicho.
Mbuzi wa jivu wanasinzia kama wanasukwa nywele.

Ila kwa huyu mdogo, wa wiki mbili,
mkono wake unausimamisha wangu.
"Hao wawili waache."
Kwa nini?
"Asije akashangaa."

Nimekaa hapa mwaka wa pili.
Maji ya kisima hayanisokoti tena tumbo.
Sikio la mwanambuzi lina joto kwenye vidole vyangu,
jembamba, jua linapenya ndani yake,
na wale wawili wamekaa pale, vitenge vyao vidogo,
wakinywa.
Nawahesabu tena kabla giza halijaingia:
wawili.